Faili la mzee halijapotea, najua lilipolala

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, msomaji wako wa siku nyingi, ingawa huwa nasoma zaidi zile barua za wakwe. Yangu leo haina mkwe. Naomba usitaje jina langu, wala mji, wala halmashauri, maana hapa kwetu kila mtu anamjua mwenzake mpaka namba ya kiatu.

Nilimaliza stashahada ya utunzaji kumbukumbu nikakaa mtaani miaka mitatu. Nimeendesha bodaboda, nimeuza makava ya simu stendi, nimefanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira mara nne mpaka nikawekwa kanzidata. Mwaka jana jina likatoka. Mama alipiga vigelegele majirani wakadhani kuna posa. Nikapangiwa masjala, upande wa ardhi. Sasa nina miezi minane kazini, bado niko kwenye majaribio ya mwaka mmoja, sijathibitishwa.

Shangazi, wananchi wanaamini mafaili yanapotea. Hayapotei. Ofisini kwetu faili ama "linatembea" ama "limelala". Linalotembea lina mtu nyuma yake. Lililolala liko kwenye boksi la rimu za karatasi chini ya meza yangu. Boksi lenyewe nililikuta siku ya kwanza nikadhani ni takataka za kuchomwa. Bosi akaniwahi: "Dogo, hilo usiliguse, hao bado hawajajiongeza."

Mambo yanakwenda hivi. Mwananchi anakuja dirishani kuulizia hati au kibali cha ujenzi. Namwambia kama nilivyofundishwa: mhusika yuko saiti, mtandao unasumbua, njoo Alhamisi. Alhamisi akija, mhusika ana kikao. Safari ya tatu au ya nne kuna mtu anamfuata nje, pale kwenye mwarobaini wanapopaki bodaboda. Huyo si mtumishi, ni kishoka tu, lakini ana namba za simu za ofisi nzima kuliko mimi. Wakielewana napigiwa simu, toa namba fulani. Nalitoa, linapanda juu, linashuka limesainiwa siku hiyo hiyo. Ijumaa jioni bosi ananipa bahasha, "ya vocha". Kuna Ijumaa ya elfu kumi, kuna Ijumaa ya ishirini.

Kilichonifanya niandike ni mzee mmoja. Alikuwa fundi cherehani, sasa macho yamegoma. Anakuja na bahasha ya kaki iliyolainika kwa jasho mpaka imekuwa kama kitambaa, ndani mna risiti zake zote, kuanzia ile ya kwanza ya maombi, amezipanga kwa tarehe kuliko tunavyopanga sisi wenye cheti. Amekuja miezi mitano. Kila akifika ananiuliza kwa upole, "Nije lini, baba?" Nami namwambia njoo Alhamisi, na faili lake liko pembeni ya mguu wangu wa kulia. Nikinyoosha kidole gumba naligusa.

Mwezi uliopita aliuza mbuzi, akampa kishoka elfu hamsini. Faili likatoka. Nilitazama saa. Kazi iliyokuwa imebaki ni saini mbili na muhuri: dakika 25. Baadaye mzee akarudi dirishani akaomba risiti ya ile elfu hamsini. Hakuwa anafanya dhihaka, Shangazi. Alidhani ni ada, aiweke na wenzake kwenye bahasha. Wenzangu wote walicheka, na mimi nikacheka. Usiku sikupata usingizi. Katika ile elfu hamsini, kumi nilipewa mimi.

Nilipomgusia mwenzangu mmoja akaniambia nisijifanye mlokole, mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Bosi ndiye anayeidhinisha kazi zangu kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, na neno lake ndilo litakaloamua nithibitishwe au la. Sasa anataka hela za wateja zianze kuingia kwenye namba yangu ya simu, eti kishoka amekuwa mlafi. Papo hapo mama mdogo kapiga simu, faili la kiwanja chake liko kwetu, anachekelea: "Afadhali sasa na sisi tuna mtu ardhi."

Ukweli mwingine ni kwamba ofisi ina mpima mmoja na gari moja ambalo wiki nyingi halina mafuta. Kwa hiyo hata mimi nikiacha, foleni iko pale pale. Niripoti? Niombe uhamisho? Au ninyamaze hii miezi minne nithibitishwe, ndipo niwe mwema? Na yule mzee, nimrudishie?

Mtu wa Dirishani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kila hela inapotajwa kuna mtu mwingine anayefanya kazi: bosi ananipa, kumi nilipewa. Sijaona mahali ulipoandika "nilichukua". Tuanzie hapo, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haina huo upole wa sarufi. Kifungu cha 15 kinamshika anayeomba, anayepokea na anayetoa. Kilivyopitishwa, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 500,000 wala kuzidi 1,000,000, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Elfu kumi ya mzee imo humo. Sikutishi. Nataka ujue umesimama wapi unapouliza maswali yako.

Na mimi nikwambie nilikosimama, jambo ambalo sijawahi kuliandika humu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani kwenye kampuni ya biashara ya mkoa, mkoa wenyewe tuuache. Ninyi vijana hamkuyaona: sukari, sabuni, khanga, betri za redio, vyote kwa kibali. Nchi imetoka vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, uhaba ulikuwa wa kweli kabisa. Lakini lori likiingia na magunia mia mbili, ubaoni tuliandika mia. Mia nyingine ilikuwa na wenyewe. Akina mama walipanga foleni tangu saa kumi alfajiri wakiulaani uhaba, na nusu ya uhaba ule tulikuwa tumeutengeneza sisi, kwa chaki. Na wote pale tulikuwa tumekariri ahadi ya mwana-TANU tangu shuleni: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Lilipopita fagio la wahujumu uchumi mwaka 1983, enzi za Sokoine, walikamatwa wenye maduka na waliofukia mali mashambani. Sisi wa chaki, pale kwetu, hakuna aliyetuuliza. Nilipata doti mbili za khanga. Nilizichukua, nikazivaa.

Ndiyo maana uliposema mpima ni mmoja na gari halina mafuta, niliguna. Si kwamba unadanganya. Nani asiyejua hali za halmashauri zetu? Ila uhaba wa kweli ni pazia zuri sana. Mtu aliyesimama dirishani kwako hawezi kujua kama anasubiri mafuta ya gari au anasubiriwa yeye ajiongeze, kwa sababu jibu mnalompa ni lile lile, njoo Alhamisi. Mkweli na mwongo wanatumia ulimi mmoja. Hata yule mpima wenu, kama ni mtu safi, anatukanwa mtaani kwamba anakalia kazi za watu, kumbe majalada yenyewe hajawahi kuyaona, yako miguuni kwako.

Halafu jiulize ni nani hapo ofisini atakayeandika dokezo kwa Mkurugenzi kuomba mpima wa pili. Foleni ikiisha, mwarobaini unakosa wateja.

Watu husema chai inaharakisha kazi. Nimelisikia hilo mpaka kwa watu wazima wenye akili zao, eti serikali yetu bila kitu kidogo haitembei. Wewe una saa yako mkononi na umeshalijibu. Kazi ya dakika 25 ililala miezi mitano. Mbuzi wa mzee hakuharakisha chochote. Alinunua kuondolewa kwa ucheleweshaji ambao uliwekwa pale ili yeye aununue. Na alipolipa, boksi lako lilipata sababu nyingine ya kuwepo, kwa sababu bosi wako amejifunza kwamba miezi mitano inatosha kumtoa mtu mbuzi. Anayefuata huenda akasubirishwa sita.

Kuna wasio na mbuzi. Hao nyie hamuwaoni tena, mnadhani wameridhika. Mtu akichoka na Alhamisi zenu anamwaga msingi usiku, Jumapili, watu wakiwa ibadani. Anajenga penye mkondo wa maji kwa kuwa yule aliyepaswa kumwambia "sogea hatua kumi" alikuwa bado anamsubirisha. Halmashauri inakosa ada ya kibali, serikali inakosa kodi ya pango la ardhi kwa kiwanja ambacho hati yake haijatoka, kisha siku moja mkuu wenu anasimama kwenye kikao kulalamika mapato ni madogo na gari halina mafuta. Unauona mzunguko huo? Baadaye anakuja mtu na kopo la rangi nyekundu, anachora X ukutani, na hapo tena anapatikana wa kulipwa ili X ifutike. Tuliokuwa Dar es Salaam baada ya mafuriko ya Desemba 2011, na wakati wa bomoabomoa ya Bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015, tunazijua hizo X. Sisemi kila nyumba ile ilikuwa na faili lililolala mahali. Wengine walionywa wakabisha. Nasema serikali inayochelewesha "ndiyo" kwa makusudi haina mdomo wa kusema "hapana" ikasikilizwa.

Rafiki yako wa methali mwambie nimemsikia. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, sawa, lakini aulize majani ni ya nani. Kwa hesabu yangu, mbuzi pekee kwenye barua yako ni wa yule mzee, na ndiye aliyeliwa.

Utasema wewe ni samaki mdogo. Tume ya Jaji Warioba, iliyotoa ripoti yake juu ya kero ya rushwa mwaka 1996, ilitofautisha rushwa ya watumishi wadogo ambao mshahara hauwatoshi na ile ya wakubwa wenye tamaa. Mgawanyo huo naukubali, na njaa ya karani naijua kwa tumbo langu. Ila kwenye ofisi moja hizo mbili zinakula sahani moja. Katika ile hamsini, wewe wa kumi ndiye uliyefanya arobaini ipite.

Sasa tufanye nini.

Ijumaa hii bahasha ikija, usihubiri. Ofisi zetu zinamvumilia mwizi kuliko mhubiri. Mwambie bosi wako mkiwa wawili, kwa adabu zote: "Mkuu, mimi bado niko kwenye majaribio, naogopa. Kwenye hili naomba uniache." Woga anauelewa, na kwako si uongo. Atakucheka, atakuita mshamba. Acha akuite.

Hiyo ya namba ya simu kataa hata akuahidi cheo. Muamala wa simu unaandika jina lako, kiasi, tarehe na saa, na kumbukumbu zinabaki kwenye kampuni ya simu, si kwenye simu yako tu. Bosi wako hajaanza kukuamini, mwanangu. Anatafuta jina la kuweka mbele siku maji yakizidi unga, na jina la kijana ambaye hajathibitishwa ndilo rahisi kuliko yote.

Kisha fanya kazi uliyosomea. Nimeshangaa barua nzima ya mtunza kumbukumbu haitaji rejesta hata mara moja. Masjala yenye rejesta ya kweli ya mwendo wa majalada, limeingia lini, limekwenda kwa nani, limerudi lini, haiwezi kuwa na boksi la siri kwa muda mrefu, kwa sababu kila jalada linakuwa na mtu wa mwisho aliyelishika. Anza kuandika. Huhitaji ruhusa ya mtu, ndiyo kazi uliyoajiriwa. Na mwananchi akija, badala ya "njoo Alhamisi", mpe jibu lenye jina la meza: "Jalada lako liko kwa afisa mipango miji tangu tarehe tatu." Hujamsema mtu vibaya, umemwambia mwenye mali mali yake iko wapi. Utaona wangapi watapanda ngazi wenyewe kwenda kuuliza.

Mwingine akitaka kufuatilia, mwambie aandike barua nakala mbili, moja abaki nayo ikiwa imepigwa muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Faili lisilo na tarehe linaweza kulala hata miaka miwili. Lenye muhuri linamfanya mtu aangalie kalenda, hasa nakala ikienda kwa Mkurugenzi na kwa diwani wa kata.

Kuhusu namba ya kumbukumbu ya malipo, ile mnayoiita kontroo namba, imesaidia sana, na hela ya serikali isiyopita humo si ya serikali. Wananchi waelezeni hivyo kila siku. Lakini msijidanganye kwamba imemaliza kazi. Kwenye ofisi kama yenu ada halali inalipwa vizuri kabisa kwenye mfumo, na kinachouzwa chini ya mwarobaini ni zamu.

Mama mdogo. Hapa ndipo utakapopata shida kuliko kwa bosi, nakuonya mapema. Jalada lake liweke kwenye mstari kwa tarehe lililoingia, na umwambie hivyo hivyo. Atanuna. Atamwambia mama yako kwamba kazi imekubadilisha. Lakini ukilivuta la kwake, umelisukuma nyuma la mtu mwingine aliyetangulia, na huyo naye ni mama mdogo wa mtu. Kumwambia lilipo si dhambi; hilo unamfanyia kila mtu.

Kuripoti: ndiyo, uripoti. Ila kabla hujaenda, onana na wakili, au na msaidizi wa kisheria kama mfuko hauruhusu; tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hao wanatambuliwa rasmi. Sababu ni hizo Ijumaa zako. Unakwenda ukiwa shahidi na ukiwa mshiriki, na ni vizuri mtu anayejua sheria akuandae kusema vyote viwili, si kimoja. Namba ya TAKUKURU ni 113, haikatwi vocha, na wana ofisi wilayani. Sheria ile ya 2007 ina kinga kwa mtoa taarifa, na mwaka 2015 ikatungwa sheria nzima ya ulinzi wa watoa taarifa na mashahidi. Sitakwambia kwamba kinga ya kwenye karatasi inazuia watu kukununia kantini. Haizuii. Tumia simu yako na si ya ofisi, usipige ukiwa koridoni, andika tarehe na namba za majalada kwenye daftari linalokaa nyumbani. Na tafadhali, usipige picha mafaili ya watu ukayarusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Hapo utawapa kosa la kukufukuzia ambalo ni la kweli.

Uhamisho sikushauri sasa. Boksi litabaki na kijana mwingine atakalishwa kwenye kiti chako. Na kusubiri uthibitishwe kwanza, mwanangu, hesabu vizuri: miezi minne ni Ijumaa kama kumi na saba. Siku ya kupewa barua utakuwa na bahasha kumi na saba zaidi za kueleza, na mtu aliyekusainia anajua idadi yake.

Mzee usimfuate na hela usiku. Ataogopa, atadhani unamnunua anyamaze, na kwa sheria ile ile hata yeye alitoa, ingawa sote tunajua alitoa akidhani ni ada. Zungumza habari yake na huyo wakili, mweleze yote pamoja na risiti aliyoiomba. Kwa sasa, hati yake ikifika, mpigie simu siku hiyo hiyo. Mwite kwa jina, mwinukie, umkabidhi mkononi, asimame dirishani dakika mbili tu.

Jumatatu wahi kufika, kabla wenzako hawajaingia. Vuta lile boksi, toa majalada moja moja, uandike kwenye rejesta namba ya kila jalada na tarehe ya maombi iliyoko ndani. Usiyapeleke popote bado, yaandike tu. Halafu niandikie yalikuwa mangapi, na lililolala muda mrefu kuliko yote ni la mwaka gani.